Namna ya Kufuatilia Kazi ya Mbunge Wako wa Jimbo Nchini Marekani, Kuanzia Mswada Hadi Bajeti

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Marekani wanamfahamu rais, na baadhi yao wanawafahamu maseneta wanaokaa Washington, lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyechaguliwa na mtaa wao kwenda kwenye bunge la jimbo. Jambo hili linasikitisha, kwa sababu mengi yanayowagusa kila siku, kama vile fedha za shule wanazosoma watoto wao, leseni ya udereva, leseni ya muuguzi au ya fundi, na haki za mpangaji mbele ya mwenye nyumba, huamuliwa katika bunge hilo wala si Washington. Mwongozo huu unaeleza kazi ya mbunge wa jimbo wakati wa kikao, hasa kuhusu miswada na bajeti, na namna mkazi wa kawaida anavyoweza kuifuatilia kazi hiyo na kusema neno lake wakati ambapo neno hilo bado linaweza kubadili jambo. Bajeti nimeipa nafasi kubwa kuliko miongozo mingine inavyofanya, kwa sababu sheria inayoagiza huduma bila kuitengea fedha inaweza kupitishwa kwa shangwe na mwananchi asiione huduma hiyo kamwe.

Wajue wawakilishi wako na kalenda yao

Tovuti ya bunge la kila jimbo ina sehemu ya kuandika anwani ya nyumbani na kupata majina ya wanaokuwakilisha. Tarajia majina mawili au zaidi, yaani mmoja wa baraza la chini na mmoja wa Seneti, isipokuwa ukiwa Nebraska, ambako tangu mwaka 1937 bunge lina baraza moja tu, ambalo sasa lina maseneta 49. Yaandike majina hayo, kisha utafute kamati ambazo kila mmoja ni mjumbe wake, kwa kuwa kamati ndiyo inayoonyesha mahali ambapo mbunge wako ana nguvu. Mbunge aliye katika kamati ya elimu anaweza kuubadilisha mswada wa shule kwa sentensi moja, ilhali katika mswada wa barabara huenda akawa ni kura moja miongoni mwa kura nyingi.

Baada ya hapo itafute kalenda, maana hakuna kalenda moja ya nchi nzima. Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida kwa siku zisizozidi 140, tena katika miaka ya namba witiri pekee. Montana, Nevada na North Dakota nayo hufanya vikao vyake vya kawaida mara moja kila miaka miwili. Colorado hukutana kila mwaka kwa siku 120 kuanzia Januari. Minnesota haina budi kumaliza kufikia Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, na California hukaa karibu mwaka mzima. Tofauti hizi si za kinadharia. Pale Texas, siku 60 za kwanza zikishapita, mswada mpya wa kawaida hauwasilishwi tena mpaka wabunge wanne kati ya kila watano wakubali. Pale Colorado, kila mbunge ana nafasi ya miswada 5 tu kwa kikao, asipopewa ruhusa ya ziada, kwa hiyo anayempelekea ombi mwezi Februari mara nyingi anakuta nafasi zote zimekwisha kujazwa. Mtu anayetaka sheria mpya anapaswa kumwona mbunge wake miezi kadhaa kabla ya kikao kufunguliwa, wakati ambapo mbunge huyo anachagua mambo atakayoyabeba na ana muda wa kusikiliza.

Inafaa pia kufahamu kwamba wabunge wengi wa majimbo hawafanyi kazi hiyo peke yake. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la New Hampshire, lenye wajumbe 400, hulipwa dola 100 kwa mwaka, na mbunge wa Texas hulipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi. Watu hawa ni mawakili, wakulima, walimu wastaafu na wafanyabiashara, na baadhi yao wana msaidizi mmoja tu au wanamgawana na wenzao. Matokeo yake ni kwamba barua yako ina nafasi nzuri ya kusomwa na mbunge mwenyewe, lakini ni lazima iwe fupi. Ukurasa mmoja unatosha: wewe ni nani na unaishi wapi, namba ya mswada, unachokiomba, na sababu moja iliyotokana na maisha au kazi yako.

Kuusoma mswada wenyewe

Usiridhike na maelezo ya vyombo vya habari au ya kundi linalokusanya saini. Pata namba ya mswada, ambayo katika majimbo mengi huanza kwa herufi HB ukitoka baraza la chini na SB ukitoka Seneti, ingawa California hutumia AB na Minnesota hutumia HF na SF, kisha ufungue maandishi yake kwenye tovuti ya bunge. Mswada unaorekebisha sheria iliyopo huandikwa kwa namna ambayo macho yanaizoea upesi: mara nyingi maneno mapya hupigiwa mstari chini, na maneno yanayoondolewa hukatwa kwa mstari unaopita katikati yake. Usisome maneno mapya pekee. Mara nyingi badiliko kubwa limo katika maneno mawili yaliyokatwa ndani ya aya ndefu ambayo mengine yote yameachwa kama yalivyokuwa.

Soma kwanza fasili za maneno, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa nani anahusika na nani ameachwa nje. Kisha angalia kama kifungu kinailazimisha idara kufanya jambo au kinairuhusu tu, adhabu ni nini na nani anaitoa, na sheria itaanza kutumika tarehe gani. Majimbo mengi, Minnesota ikiwa mojawapo, yana kanuni ya kikatiba kwamba mswada mmoja uhusu jambo moja linalotajwa katika kichwa chake, lakini kanuni hiyo hufasiriwa kwa upana sana, kwa hiyo usikitegemee kichwa cha mswada kukueleza yaliyomo. Karibu kila bunge lina wafanyakazi wasiofungamana na chama chochote ambao huandika muhtasari wa mswada kwa lugha nyepesi. Muhtasari huo ni wa kuaminika kuliko maelezo ya mwasilishaji au ya mpinzani wake, nawe usome vyote viwili, muhtasari na mswada.

Ukishauelewa, chunguza nafasi yake ya kuishi. Je, mwasilishaji wake ni wa chama chenye wingi wa viti? Je, ni mjumbe wa kamati iliyopelekewa mswada? Je, kuna mswada pacha katika baraza la pili? La muhimu kuliko yote, je, mwenyekiti wa kamati amekubali kuupangia siku ya kusikilizwa? Miswada mingi haishindwi kwa kura, bali hufa kimya kimya kwa kutopangiwa siku. Wapiga kura wa Colorado waliliona tatizo hilo na mwaka 1988 wakaweka kanuni ya kikatiba kwamba kila mswada usikilizwe na kupigiwa kura katika kamati, lakini katika majimbo mengi mwenyekiti bado ana uhuru huo. Kwa hiyo, unapozungumza na mbunge wako, swali la kuuliza kwanza si kama anauunga mkono mswada, kwa kuwa kukubali hakumgharimu chochote, bali ni kama amezungumza na mwenyekiti kuhusu siku ya kuusikiliza na amejibiwa nini.

Taarifa ya gharama

Mswada unaoigusa hazina ya jimbo huambatanishwa na taarifa ya gharama, ambayo ni kurasa chache zinazokadiria utagharimu kiasi gani na fedha zitatoka wapi. Wasomaji wengi huiruka, nami ningewasihi waisome kabla ya kuandika barua yoyote, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo inayoua miswada mizuri kuliko hoja za wapinzani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mswada unaitaka idara ya afya ihakikishe kwamba mgonjwa asiyejua Kiingereza anapata mkalimani katika kliniki zinazopokea fedha za jimbo. Taarifa ya gharama inasema mpango utagharimu dola milioni 6 kwa mwaka, na mbunge aliyekuwa tayari kuupigia kura anarudi nyuma anapoiona namba hiyo. Ukishuka hadi sehemu ya dhana zilizotumika katika kukokotoa, unakuta kwamba idara imechukulia kuwa kila kliniki itaajiri mkalimani wa kudumu, pamoja na bima na pensheni yake, ingawa kifungu cha pili cha mswada kinaruhusu ukalimani wa simu unaolipwa kwa dakika. Hapo umepata kazi ya kufanya. Unamwandikia mwasilishaji ukinukuu kifungu hicho na ukurasa wa taarifa, unaambatanisha bei ambayo kliniki moja inalipa sasa kwa huduma ya simu, na unamwomba aitake idara ikokotoe upya. Ombi la namna hiyo lina uzito kuliko barua mia zinazosema kwamba wagonjwa wanateseka, ingawa ni kweli wanateseka, kwa kuwa linampa mbunge kitu cha kusimama nacho mbele ya kamati ya matumizi, yaani ile inayoamua kuhusu fedha.

Katika taarifa hiyo hiyo, tazama mambo mengine mawili. La kwanza ni mfuko unaotajwa: mfuko mkuu unashindaniwa na kila mtu, ilhali mfuko maalumu, kama ule unaotokana na kodi ya mafuta ya magari, mara nyingi umefungwa kisheria kwa matumizi fulani. La pili ni miaka ya mbele. Mswada ambao utekelezaji wake umecheleweshwa unaweza kuonekana wa bei nafuu katika mwaka wa kwanza na kuwa mzito katika mwaka wa nne, na wajumbe makini wa kamati huitazama safu hiyo ya mwisho kabla ya nyingine. Hata mswada uliopita katika kamati ya elimu au ya afya kwa kura zote hupelekwa tena kwenye kamati ya matumizi kwa ajili ya gharama yake. California ina utaratibu ambao miswada yenye gharama kubwa huwekwa kando kwanza, halafu yote huamuliwa kwa mkupuo katika kikao kimoja cha haraka, bila mjadala wa wazi kuhusu kila mmoja. Anayengoja kuongea siku hiyo amechelewa.

Bajeti

Karibu kila jimbo linatakiwa na katiba au sheria zake kuwa na bajeti iliyosawazishwa. Vermont ndiyo inayotajwa kwa kawaida kuwa haina sharti hilo. Serikali ya shirikisho inaweza kukopa mwaka hadi mwaka ili kulipia matumizi ya kawaida, lakini jimbo haliwezi, na ndiyo sababu kila fungu linaloongezwa huzaa swali la fungu litakalopunguzwa au kodi itakayopanda. Mbunge anayekuahidi fedha bila kugusia swali hilo bado hajalifikiria jambo lako kwa kina.

Mwaka wa fedha wa majimbo 46 huanza tarehe 1 Julai. Ule wa New York huanza tarehe 1 Aprili, wa Texas tarehe 1 Septemba, na wa Alabama na Michigan tarehe 1 Oktoba. Kwanza, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo, utaona kazi inavyokwenda. Idara za serikali huandaa maombi yao ya fedha katika miezi ya kiangazi na ya mapukutiko, gavana huyachuja na kutoa pendekezo lake, mara nyingi mwezi Januari, na bunge hulichambua kwa kamati ndogo zinazogawana sekta. Maana yake ni kwamba nafasi ya kwanza ya kuombea programu fedha hutokea kabla bunge halijakutana kabisa, mezani kwa mkuu wa idara. Fungu ambalo tayari limo katika pendekezo la gavana linahitaji kulindwa tu, ilhali fungu ambalo halimo linahitaji mtu wa kuliingiza na chanzo cha kulilipia.

Pili, fuatilia makadirio ya mapato, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoweka ukubwa wa bajeti yote. Minnesota hutoa makadirio mwishoni mwa vuli na tena mwishoni mwa Februari, na yale ya Februari hubadilisha mazungumzo yote ya kikao kwa siku moja. Gavana wa California hutoa pendekezo lake kufikia tarehe 10 Januari, na kulirekebisha katikati ya Mei baada ya mapato ya kodi ya Aprili kujulikana. Texas humtegemea msimamizi wa hesabu za jimbo, ambaye asipothibitisha kwamba mapato yanatosha, bajeti iliyopitishwa hairuhusiwi kwenda mbele katika hali ya kawaida. Colorado ina kizuizi cha ziada: tangu wapiga kura waibadilishe katiba mwaka 1992, mapato yanayozidi kiwango fulani hayana budi kurudishwa kwa walipa kodi mpaka wapiga kura wenyewe waruhusu yatumike, kwa hiyo hata mwaka wa neema huenda usiwe na fedha mpya za kugawa.

Tatu, wajue watu wachache wanaoandika bajeti kwa kweli. Katika Colorado ni kamati ya pamoja ya wajumbe 6, watatu kutoka kila baraza, katika bunge lenye wajumbe 100. Majimbo mengine yana kamati kubwa zaidi, lakini hali ni ile ile, kwamba wajumbe wachache na wachambuzi wao hujua kila mstari, na wengine hupokea kitabu kilichokwisha andikwa. Kama mbunge wako si mmoja wao, mwombe awaandikie au akupeleke kwao, na usiliache jambo likiishia katika maneno ya kutia moyo.

Unapoomba fedha, taja kila kitu: jina la programu kama linavyoandikwa katika kitabu cha bajeti, mstari wake, kiasi ilichopewa mwaka huu, kiasi unachokiomba, na kama unaomba fedha za mara moja au za kudumu. Jambo hili la mwisho linaumiza watu wengi. Programu inayoanzishwa kwa fedha za mara moja haimo katika msingi wa bajeti inayofuata, yaani haiendelezwi mpaka mtu aiombee upya, na ndipo wahudumu wanapoachishwa kazi na familia zikabaki zinauliza kilichotokea. Kubali fedha za mara moja kwa kununua vifaa au kukarabati jengo. Kwa mishahara ya watu, pigania fedha za kudumu hata zikiwa kidogo.

Kuhusu afya, kuna hesabu moja ambayo kila anayetetea huduma za wenye kipato cha chini anapaswa kuishika. Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, hulipwa kwa pamoja na jimbo na serikali ya shirikisho, na sehemu ya shirikisho kwa huduma za matibabu haishuki chini ya asilimia 50. Katika majimbo maskini huwa kubwa zaidi. Hivyo jimbo likipunguza dola 1 ya fedha zake katika huduma hizo, linapoteza pia dola 1 au zaidi iliyokuwa itoke Washington, na zahanati inapungukiwa na zote mbili. Mweleze mbunge hesabu hiyo kwa mfano wa zahanati iliyo katika eneo lake, kwa namba zake halisi ikiwezekana.

Majengo, barabara na mabomba ya maji mara nyingi huwa na mswada wao wenye kulipiwa kwa hati za dhamana, yaani mkopo wa jimbo, na masharti yake huwa magumu zaidi. Katika Minnesota, kwa mfano, mkopo wa namna hiyo huhitaji kura tatu kati ya kila tano katika mabaraza yote mawili, jambo linalolipa kundi la wachache sauti ambayo hawana katika bajeti ya kawaida. Ukitaka kituo cha jamii kijengwe, zungumza na wabunge wa vyama vyote viwili tangu mwanzo.

Kutoa ushahidi mbele ya kamati

Hapa ndipo watu wetu wengi huogopa bila sababu. Kwa kawaida kamati haimuulizi shahidi kama ni raia wala haidai vyeti; inachotaka kujua ni jina lako, unaishi wapi au unawakilisha nani, na kama unaunga mkono au unapinga. Jiandikishe mapema kwenye tovuti au kwenye karatasi iliyo mlangoni, na kama unahitaji mkalimani, wapigie makarani wa kamati siku kadhaa kabla.

Utapewa dakika mbili au tatu, na siku yenye watu wengi mwenyekiti anaweza kuzifanya kuwa moja. Andaa maneno ya urefu wa aina zote mbili. Anza kwa kusema, "Mheshimiwa Mwenyekiti na waheshimiwa wajumbe wa kamati," kisha jina lako, mji wako na namba ya mswada, kisha sema unachokitaka katika sentensi ya kwanza wala usikiache kwa mwisho, kwa kuwa kengele inaweza kulia kabla hujafika. Sisi tumelelewa kumzunguka mkubwa kwa heshima na salamu kabla ya kufikia haja, na ni malezi mema, lakini ndani ya chumba hicho heshima ni kuutunza muda wa kamati. Eleza jambo moja ulilolishuhudia, lihusishe na kifungu mahususi, na umalizie kwa ombi. Ukiulizwa swali usilolijua jibu lake, sema utalijibu kwa maandishi kesho yake, na ulijibu kweli. Peleka pia nakala ya maandishi, maana huingia katika kumbukumbu na husomwa na wajumbe ambao hawakuwepo.

Mkienda kama kundi, gawaneni mambo. Watu kumi wakisema maneno yale yale, kamati huacha kusikiliza kuanzia wa tatu. Mmoja azungumzie gharama, mmoja aeleze yaliyompata, na mmoja, hasa mwajiri au mtaalamu, aeleze namna sheria itakavyofanya kazi siku ya kwanza. Kama unalipwa kuwashawishi wabunge, chunguza sheria za usajili za jimbo lako kabla ya kuanza. Mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi yanaruhusiwa kuzungumzia miswada kwa kiasi chenye mipaka, lakini hayaruhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea yeyote.

Siku za mwisho za kikao

Mswada ukitoka kamatini husomwa na kujadiliwa mbele ya baraza zima, hurekebishwa, hupigiwa kura, na kisha huanza safari ile ile katika baraza la pili. Mabaraza yakipitisha maandishi yanayotofautiana, kwa kawaida huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe wachache kutoka kila upande, na taarifa yake hupigiwa kura kwa ujumla wake bila kurekebishwa tena. Nebraska haina hatua hiyo kwa sababu ina baraza moja. Jina la kila mjumbe wa kamati ya upatanishi hutangazwa. Siku yanapotoka majina, wapigie simu wao badala ya mbunge wako peke yake, kwa kuwa programu ambayo baraza moja limeipa fedha na jingine limeinyima huamuliwa hapo.

Katika wiki hizo, miswada iliyoonekana kufa hufufuliwa kwa kuingizwa ndani ya mswada mkubwa wa bajeti, na vifungu vizuri huondolewa humo humo. Tafuta kila toleo jipya na ulilinganishe na lililotangulia, ukianzia na vifungu ulivyokuwa ukivifuatilia. California tangu mwaka 2016 ina kanuni ya kikatiba kwamba mswada uwe umechapishwa na kuwekwa kwenye intaneti kwa saa 72 kabla ya kura ya mwisho. Katika majimbo mengine mwanya unaweza kuwa wa saa chache tu, na simu fupi kwa msaidizi wa mbunge itakufaa kuliko kungoja tovuti isasishwe.

Mezani kwa gavana

Gavana anaweza kutia saini, kuukataa mswada kwa kura ya turufu, au kuuacha muda upite, na katika majimbo mengi mswada usiotiwa saini huwa sheria muda huo ukiisha. Magavana wa majimbo 44 wana uwezo wa kufuta fungu moja moja la matumizi na kuuacha mswada uliobaki upite, kwa hiyo ushindi wa bungeni si wa mwisho kwa programu ndogo isiyo na watetezi. Mwandikie gavana ndani ya siku za kwanza baada ya mswada kupita. Texas humpa siku 10, bila kuhesabu Jumapili, wakati bunge likiwa linakutana, na siku 20 baada ya kikao kufungwa. Mswada uliopita mwishoni na kukataliwa baada ya wabunge kwenda nyumbani hauna tena nafasi ya kuokolewa katika bunge hilo. Majimbo mengi hudai theluthi mbili ya kura za mabaraza yote mawili ili kuubatilisha uamuzi wa gavana, lakini Alabama, Kentucky na Tennessee huhitaji wingi wa kawaida tu wa wajumbe waliochaguliwa.

Sheria ikishatiwa saini, fungua tena ukurasa wa tarehe ya kuanza kutumika na uiandike. Mara nyingi idara husika hutakiwa kutunga kanuni za utekelezaji, na kabla ya kuzipitisha hutangaza rasimu na kupokea maoni ya umma kwa kipindi maalumu. Kipindi hicho hupata watu wachache kuliko kamati yoyote ya bunge, ilhali ndicho kinachoamua fomu itakuwa na kurasa ngapi, itachapishwa kwa lugha zipi, na mwombaji atatakiwa kuleta hati gani. Peleka maoni kwa maandishi ukitaja namba ya kifungu cha rasimu, mpe mbunge wako nakala, na umwombe aiulize idara kwa barua lini fedha zilizotengwa zitaanza kutolewa na nani ataziomba.